Ushirikishwaji wa jamii si kuijulisha jamii

Katika kikao cha wazazi wa shule moja ya msingi hapa Moshi tulisomewa ratiba ya vipindi vya elimu ya UKIMWI ambayo ilikwisha kupangwa, tukasaini daftari la mahudhurio, na taarifa ya kikao ikaandikwa kwamba "ushirikishwaji wa jamii umefanyika". Nimelisikia neno hili likitumika hivyo mara nyingi mno. Ushirikishwaji wa jamii ni wanajamii kupewa fungu katika kuamua jambo linalowahusu.

Mzizi wake ni shiriki, neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Kilimanjaro maana hiyo inaishi midomoni mwetu: mkulima wa kahawa anaijua katika ushirika, tangu enzi za kuanzishwa kwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933, Mlutheri husali katika usharika wake, na Mwislamu anapoonywa asimshirikishe Mwenyezi Mungu, uzito wa onyo hilo ni kwamba kufanya hivyo ni kumpa mwingine fungu katika kilicho Chake peke Yake. Hakuna popote hapo ambapo kushirikisha ni kupasha habari.

Kupashwa habari ni kujulishwa. Kuhamasishwa, kutoka neno hamasa, ni kutiwa ari ya jambo ambalo huenda mwingine ameshaliamua. Yote mawili yana faida, na tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983 uhamasishaji umefanya kazi kubwa. Lakini mzazi aliyejulishwa tu, mtoto akirudi nyumbani na swali kuhusu kondomu, huenda akamfuata mwalimu kwa hasira. Aliyeshirikishwa alikuwapo ilipoamuliwa nani afundishe, kwa maneno gani, na kuanzia darasa la ngapi. Hilo la darasa si swali jipya kwetu, kwani Ngao, programu ya elimu ya UKIMWI shuleni iliyojaribiwa Arusha na Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1990, ililenga darasa la sita na la saba.

Basi taarifa ile ingeandikwa kwamba wazazi walijulishwa, jambo ambalo ni kweli na halina aibu. Neno ushirikishwaji lingesubiri kikao ambacho ratiba italetwa mbele ya wazazi ikiwa bado haijajazwa.