Maji Masafi Si Maji Laini: Ninayoambiwa Kuhusu Mashine za Vinywaji vya Moto, na Ukweli Wake

Kila nikiitwa kutazama mashine ya kahawa iliyogoma hapa Dodoma, iwe ofisi ya Mtumba, kantini ya chuo au mapokezi ya hoteli, naanza kuambiwa hivi: "Fundi, tatizo si maji. Maji yetu masafi, na chujio tumefunga." Nafungua boila, lile tangi dogo la ndani linalopasha maji, nakuta jiwe. Nimechoka kueleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja huku nimeshika bisibisi, kwa hiyo naliandika lote hapa, pamoja na mengine ninayoyasikia kuhusu hizi mashine zinazochanganya unga na maji ya moto.

Dhana: Maji yakiwa masafi na yamepita kwenye chujio, mashine haishiki chokaa

Usafi wa maji ni jambo moja, ugumu wake ni jambo lingine kabisa. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu inatoka ardhini, kwenye visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na pembezoni wengi wamechimba vya kwao. Maji ya chini yamekaa na miamba muda mrefu, yakayeyusha kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo ndiyo ugumu wenyewe. Yakiwa ya baridi huoni kitu, glasi inang'aa. Yakipashwa moto, kaboni dioksidi iliyokuwa imeyaweka madini yale katika hali ya kuyeyuka inatoka, na kalsiamu inageuka chokaa ngumu inayoganda pale penye joto kuliko pote, yaani juu ya hita. Kama una jagi la umeme nyumbani huhitaji maabara. Tazama ndani yake, ule ukoko mweupe ndio huo. Hauna sumu, na kalsiamu mwili unaihitaji. Mashine ndiyo haiihitaji.

Sasa tuje kwenye chujio. Lile la uzi la maikroni 5 linazuia mchanga, kutu na tope. La mkaa linapunguza klorini na harufu yake. Kalsiamu iliyoyeyuka inapita kwenye yote mawili kama ilivyoingia, kwa sababu haina punje ya kunaswa. Linaloweza kuikamata ni chujio lenye resini ya kulainisha maji, na hilo nalo hujaa. Kwenye boksi lake pameandikwa lita ngapi linahimili kulingana na ugumu wa maji, na wateja wanasoma namba kubwa kuliko zote, ambayo ni ya maji laini. Halafu linakaa mwaka mzima, wakati kwa maji yao lilikwisha kazi zamani. Nunua vijikaratasi vya kupimia ugumu wa maji, chovya kimoja kwenye maji yanayotoka upande wa pili wa chujio. Rangi itakuambia kama bado lipo hai.

Tupige hesabu. Chukua maji yenye miligramu 300 za ugumu kwa lita, na ofisi inayokunywa vikombe 100 vya mililita 150 kwa siku. Hizo ni lita 15, zinazobeba gramu 4.5 za madini. Kwa siku 26 za kazi unafika gramu 117. Hata ikiganda nusu yake tu, kila mwezi unaongeza gramu karibu 60 za jiwe ndani ya boila ndogo ya lita chache. Kisha unaniuliza kwa nini hita imeungua.

Inaungua kwa sababu ukoko unaizuia isipitishe joto kwenye maji. Yenyewe inazidi kupata moto ndani, maji yanachelewa, mpaka siku moja inakatika. Kabla ya hapo zipo dalili ambazo watu wanazipuuza. Ya kwanza ni mashine kuchelewa kupata joto asubuhi. Ya pili ni kikombe kutojaa, maana tundu la vali limeziba. Ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu huharibu hadi zulia. Mashine nyingi hupima kina cha maji kwa vijiti vya chuma vinavyopitisha umeme kidogo kupitia maji yenyewe. Kijiti kikivikwa chokaa, umeme haupiti, mashine inaamini boila ni tupu na inaendelea kuvuta maji mpaka yanamwagika sakafuni. Nimekuta kijiti chembamba kuliko penseli kimevimba kwa ukoko mweupe unaotoka vipande vipande ukiubonyeza kwa ukucha, na mwenye mashine ameshaagiza bodi mpya ya umeme kwa sababu aliambiwa "kompyuta imekufa". Bodi ilikuwa nzima.

Wengine wakisikia haya wanakimbilia maji ya chupa. Hapo nako kuna mtego. Baadhi ya maji ya chupa na madumu yamesafishwa mpaka madini karibu yote yametoka, na vijiti vilevile havitayaona, kwa sababu maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vizuri. Mashine inalalamika haina maji ilhali imejaa. Ukitaka kutumia maji ya namna hiyo, fundi ayachanganye na kiasi kidogo cha maji ya bomba.

Dawa ya ukoko ni unga wa asidi ya sitriki, ule wanaotumia watengeneza juisi na jemu. Weka gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, umeme ukiwa umezimwa, acha nusu saa. Utasikia povu likichemka, hiyo ni chokaa inatoka. Mwaga, suuza mara tatu, na vikombe vya kwanza usimpe mtu. Usiwashe hita kuharakisha kazi, kwani maji yakiwa ya moto sana sitriki na kalsiamu huganda tena na kuwa taabu nyingine. Siki inafanya kazi polepole na harufu yake inabaki kwenye mipira. Asidi ya kusafishia choo sitaki hata kuisikia: inakula chuma, na kinywaji kinapita humo humo. Kwa maji yetu yasiyolainishwa, fanya hivi kila mwezi. Najua kitabu cha mashine kinasema miezi sita. Aliyekiandika hajui maji yako.

Dhana: Maji lazima yachemke kabisa ndipo chai iwe ya moto

Mama mmoja wa kantini aliniambia, "Mwanangu, wateja wangu wanataka chai inayounguza, pandisha mpaka 98." Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiweka 98 kwenye boila ya wazi hutafika kamwe. Hita haipumziki, mvuke unapanda bila kukoma, na mwisho swichi ya usalama inakata. Ule mvuke unaingia kwenye midomo ya makopo ya unga, maziwa yanaganda kama udongo, sukari inashikana. Unga haukuharibika dukani, wewe ndiye unayeupika.

Weka kati ya 88 na 91. Maziwa ya unga na kahawa inayoyeyuka havihitaji zaidi ya hapo. Kama kikombe kinatoka vuguvugu, hasa asubuhi za Juni na Julai zenye upepo wa baridi, mwenye kosa ni kikombe kizito cha kauri kilicholala kwenye baridi. Kisuuze kwa maji ya moto kwanza, na mwaga kikombe cha kwanza cha siku, maana mirija bado ya baridi. Wala usiisukume mashine mpaka ukutani. Nyuma kuna feni ndogo inayotoa mvuke, iachie nafasi ya kiganja kizima na uifute vumbi.

Dhana: Simtanki liko juu, presha ipo

Kila mita 10 za kimo zinakupa bar 1. Tanki lako liko kwenye mnara wa mita 3, mashine iko juu ya meza ya mita 1, kwa hiyo una bar 0.2. Mashine nyingi za kuunganishwa na bomba zinataka bar 1 hivi, imeandikwa kwenye kibati cha nyuma. Funga pampu ndogo ya kuongeza presha, na toa hewa kwenye mpira kila maji ya mgao yanaporudi.

Dhana: Unga ni unga tu

Kahawa iliyosagwa haiyeyuki. Ukiimimina kwenye kopo unajaza mirija matope. Inayotakiwa ni ile inayoyeyuka, kama Africafe inayotengenezwa Bukoba. Tangawizi iliyotwangwa ina nyuzi zinazojisokota kwenye kipekecho, kile kinachokoroga kinywaji, kwa hiyo anayetaka chai ya tangawizi ainunue iliyotengenezwa kuyeyuka, au aiweke kikombeni mwenyewe. Maziwa ya unga ya nyumbani ni laini mno, yanashikana na kujenga daraja ndani ya kopo, na skrubu inayosukuma unga nje inazunguka patupu. Tafuta yenye chembechembe, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi.

Jambo ambalo karibu kila mtu hajui ni kwamba mashine haipimi uzito. Inazungusha skrubu kwa sekunde ilizoambiwa. Ukibadilisha chapa ya maziwa, sekunde zilezile zinatoa gramu nyingine, na watu wanaanza kusema mashine imeharibika, kahawa maji matupu. Kinga unga kikombeni bila maji, upime kwenye mizani ya jikoni, kisha rekebisha sekunde. Ni kazi ya dakika kumi na haihitaji kuniita.

Dhana: Inajisafisha yenyewe

Kile kitufe kinapitisha maji ya moto tu. Mafuta ya maziwa yanabaki kwenye bakuli la kuchanganyia na nyuma ya kipekecho, na kufikia Jumatatu yananuka uchachu. Vitoe kila jioni, osha kwa sabuni, kausha kabisa. Ukirudisha bakuli lenye maji, unga wa kikombe cha kwanza unaganda mdomoni.

Dhana: Stabilaiza ya friji inatosha

Mashine ya kilowati 2.5 kwenye volti 230 inavuta ampea 11 hivi. Stabilaiza ya VA 1000 haiwezi, na ekstensheni nyembamba yenye friji na kompyuta juu yake itayeyusha soketi. Ipe soketi yake ya ukutani, yenye ethi (waya wa ardhini) inayofanya kazi kweli. Umeme, maji na chuma vikikaa pamoja bila ethi ni hatari kwa mhudumu anayeifuta kila siku kwa kitambaa kibichi. Akisema anahisi ganzi vidoleni akigusa mashine, zima kwenye swichi kuu saa hiyo hiyo na mwite fundi umeme kabla mtu mwingine hajaenda kuchukua chai.