Msumeno hauendi kwa mabavu, nendeni Hayward mkaone

Juzi tena, nimekaa nanoa, mtu kaja kaniambia "si hao jamaa wa mashindano ya kukata magogo kule Hayward wanashinda kwa misuli tu?" Jamani. Kazi yangu ni kunoa misumeno na hili swali limenichosha, ngoja niliandike mara moja.

Hayward iko kaskazini mwa Wisconsin, Marekani, kando ya mto Namekagon, mji wa mbao tangu mwanzo. Tangu 1960 wanafanya mashindano ya dunia ya wakata miti wakati wa kiangazi, na uwanja wenyewe, Lumberjack Bowl, ni bwawa lililokuwa linatunza magogo yakisubiri kuchanwa. Kwa hiyo ukiona watu wawili wanazungusha gogo majini kwa miguu mpaka mmoja adondoke, hiyo siyo sarakasi ya watalii, zamani watu kweli walisimama juu ya magogo wakiyashusha mtoni barafu ikishayeyuka. Kukata kwenyewe kulikuwa wakati wa baridi kali, farasi wakivuta magogo juu ya njia za barafu. Kuna kupanda nguzo za futi 60 na 90, kuna chensoo zilizoongezwa nguvu, vipande vitatu kwa sekunde chache, tuziache.

Turudi kwenye msumeno. Wa kukatia gogo una meno ya aina mbili, ya kukata yanachora mti kushoto na kulia, halafu jino la kukwangua linapita nyuma yake kunyanyua kilichochorwa na kukitoa nje. Hilo la kukwangua lazima liwe fupi kuliko yale ya kukata, kidogo sana, kama unene wa karatasi chache. Likiwa refu linang'oa mti ambao haujachorwa, msumeno unakuwa mzito, na hapo ndipo misuli inaisha bure!! Likiwa fupi mno unaacha kazi nusu, unahangaika na unga wa mbao. Likikaa sawa hutoi unga, unatoa tambi za mbao ndefu, laini, zinamwagika miguuni. Na ule wa watu wawili unavuta tu, ukimsukumia mwenzako bamba linapinda na mmeshachelewa. Mtu mwenye kifua kama mlango akishika msumeno mbovu anapitwa na mwembamba mwenye msumeno mzuri, nimeona kwa macho yangu.

Sasa niseme ukweli. Nimewahi kunoa misumeno miwili pacha, tupa ile ile, mkono ule ule, mmoja ukaimba mwingine ukagoma. Nikalaumu chuma, nikalaumu unyevu wa gogo, nikarudia pembe zote, mpaka leo sina jibu, na wanoaji wenzangu kila mmoja ana pembe yake anayoiapia.

Mkienda, msikodolee mikono. Angalieni chini ya gogo. Ukipata nafasi okota tambi moja uipitishe kidoleni, ikiwa na vinyweleo pembeni, jino la kukwangua lilikuwa refu.