Kabla ya dawa ya kuchua, tazama mpini: maswali na majibu kuhusu mikono inayouma kazini

Muulize fundi wa Mombasa kwa nini anakung'uta mkono kila baada ya dakika chache, atakwambia ni uzee, ama ni feni ya usiku. Mara nyingi si uzee wala feni. Ni mpini.

Mimi ni seremala, Majengo. Usiku naamshwa na ganzi kwenye gumba, cha shahada na cha kati, mpaka niukung'ute mkono. Kidole cha mwisho hakina neno. Ni nini hii?

Hicho kidole cha mwisho kisicho na neno ndicho kinachotuonyesha njia, fundi. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna upenyo mwembamba: chini mifupa, juu utepe mgumu. Humo hupita kano tisa za kukunja vidole, zikibanana na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake, nao hupita kwingine. Kano zikivimba kwa kukamua zana kutwa, mshipa ule ndio unaobanwa. Usiku unalala umekunja kifundo bila kujua, nafasi inazidi kuwa finyu, unaamka.

Lakini kapime sukari pia. Kisukari, ujauzito, na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu huleta ganzi hiyo hiyo hata kwa mtu asiyeshika nyundo.

Mpini unaingiaje hapo? Si ni kipande cha mti tu?

Fanya jaribio dogo. Kunja kifundo kuelekea kiganjani kadiri uwezavyo, kisha jaribu kukaza ngumi. Umeona? Vidole havina nguvu. Mkono uliopinda hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kushika, basi zana inayokulazimisha kupinda kifundo inakudai ukamue zaidi ili upate kazi ile ile. Ndiyo maana wataalamu husema heri upinde mpini kuliko kupinda mkono. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, mtaalamu Erwin Tichauer alieleza habari za mafundi wanagenzi wa kiwanda cha Western Electric: waliopewa koleo za kubania zenye mpini uliopindwa waliumwa na kano kidogo sana kuliko wenzao wa koleo zilizonyooka.

Kisha kuna jasho, na hapa kwetu hili ni jambo kubwa. Kaskazi ikikaza, kiganja kinaloa saa tatu asubuhi. Mpini uliopakwa vanishi ukang'aa kama kioo huteleza, na mkono unajibu kwa kukamua. Hukusudii, vidole vyenyewe vinaogopa kuangusha. Ukifika jioni umefanya kazi mbili, ya kupiga randa na ya kuzuia randa isiponyoke.

Nitajuaje kama mpini wangu una kipimo?

Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kwenye mpini pale unaposhika. Kwa zana za nguvu kama nyundo na panga, mzunguko uwe kati ya sentimita 10 na 15, yaani unene wa milimita 30 hadi 50 hivi. Mwenye mkono mdogo, na kina mama wengi wamo humo, akae karibu na 10. Usipokuwa na utepe, shika kawaida: gumba lipande kidogo juu ya ncha ya kidole cha shahada. Yakiachana, mpini ni mnene mno. Vidole vikijikunja hadi kucha zikakugusa kiganja, ni mwembamba mno.

Zana za kazi ndogo zinataka wembamba, milimita 8 hadi 16, kwa sababu hizo unazishika kwa ncha za vidole kama kalamu.

Urefu ndio watu wanaousahau. Mpini mfupi huishia katikati ya kiganja, na kile kichwa chake kinachimba pale pale mishipa inapopita. Usipungue sentimita 10. 12 ni bora zaidi, na ukivaa glavu ongeza kidogo. Patasi za bei rahisi nyingi zinaangukia hapa. Tazama kiganja chako baada ya kazi: alama nyekundu ya duara katikati ni ushahidi tosha.

Umbo nalo lina maana yake. Zana yenye mwelekeo, kama panga, nyundo au tezo, ipewe mpini wa yai, usio duara kamili, ili mkono ujue makali yako wapi bila kutazama. Bisibisi ipewe mpini wa mviringo na mnene, kwa kuwa kadiri unavyokuwa mnene ndivyo skrubu inavyozunguka kwa nguvu kidogo.

Ni mchonga vinyago, Changamwe. Nataka kuchimba vijishimo vya vidole kwenye mpini wa tezo ili ushike vizuri. Wazo zuri?

La. Vijishimo hufaa mkono mmoja tu, tena ukiwa umeshika mahali pamoja. Ukisogeza mkono kidogo, na mchongaji husogeza kila mara, matuta yanaingia kwenye maungio ya vidole. Acha mpini sawa, lainisha kingo, upige msasa wa wastani, vanishi usipake.

Nauza madafu kwa mkokoteni. Panga langu la dukani linanitoa malengelenge sehemu moja, chini ya kidole cha shahada.

Lishike panga hilo, pitisha kidole kwenye mpini wake wa plastiki. Utakutana na ukingo pale vipande viwili vinapokutana, na vichwa vya misumari mitatu vilivyochomoza kama unywele. Kila dafu unalopasua, ukingo ule unasugua mahali pale pale. Piga tupa ukingo na misumari hadi kidole kipite bila kukwama. Kisha kata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uuzungushe ukiuvuta, mapindo yakipandana kidogo. Mpini unakuwa mnene, haukwaruzi, hautelezi upesi. Pima tena baadaye. Nimeona mipini iliyofungwa mipira mitatu mpaka imekuwa kama mchi. Mpira ukianza kuteleza kwa maji ya dafu, ubadilishe.

Na noa. Panga butu linaumiza mkono kuliko mpini mbaya.

Nakata vyuma kwa grinda. Vidole vinawasha jioni, ila sijaona vikigeuka vyeupe kama nilivyosikia.

Weupe ule huchochewa na baridi, na Mombasa baridi iko wapi? Usiusubiri. Kuwashwa na ganzi kwa mashine inayotetemeka ni dalili inayotosha. Badilisha jiwe lililolika upande, shika bila kukamua mno, gawa kazi na mwenzako.

Mwanangu, mimi zana yangu ni mbuzi tu. Nikikuna nazi kumi za shughuli, kifundo chauma siku mbili.

Shikamoo mama. Kwenye mbuzi mpini ni kifuu chenyewe, nacho ni kipana kupita kipimo chochote nilichotaja hapo juu, tena unakizungusha huku umepinda kifundo. Kifuu hatuwezi kukibadilisha, basi tubadilishe mengine. Meno ya mbuzi yapigwe tupa yawe makali. Sukuma kwa mkono mzima kutoka begani, kifundo kitulie. Badilisha mkono kila nazi, hata kama wa kushoto ni mzito. Ukishakuna tatu, usikimbilie kukamua tui kwa kifumbu ukasema unapumzika; kule kusokota ni kazi ya kifundo kile kile. Chambua mchele kwanza. Kifumbu mpe kijana.

Zana ni za mwajiri. Nanunua mpini wangu mwenyewe?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri alinganishe vifaa na kazi na mtu anayevitumia. Mwambie mapema, na maumivu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kazi.

Kukandwa kunasaidia? Na lini niende hospitali?

Kukandwa taratibu kwa maji ya moto hulegeza misuli ya mkono iliyochoka, sina ugomvi nako. Kuvutwa na kukunjwa kwa nguvu hapana. Mshipa uliobanwa haufunguki kwa kuvutwa. Kinachosaidia mapema ni kupumzisha mkono, na kulala na kifaa cha kushikilia kifundo kinyooke.

Nenda usichelewe iwapo ganzi haiondoki hata mchana, vikombe vinakuponyoka, kidole kinakwama kimekunjwa, au nyama ya chini ya gumba imeanza kubonyea ukilinganisha na mkono wa pili. Na mkono uliochomwa na kibanzi ukavimba, ukawa mwekundu na wa moto, huo ni wa siku hiyo hiyo. Ukienda, beba na ile zana. Mtaalamu wa tiba ya viungo atataka kuona unavyoishika.