Kizuizi cha tope si chujio: tunayoyaamini saiti na ukweli wake

Mvua za vuli zilitukuta tumemaliza kuchimba msingi wa nyumba moja kwenye mteremko wa Goba, Dar es Salaam. Jioni ile tulipanga viroba vya mchanga mstari mmoja upande wa chini wa kiwanja, tukaenda kulala na amani. Asubuhi viroba vilikuwa palepale, havijasogea hata kidole. Lakini kibaraza cha jirani wa bondeni kilikuwa na tope la kufika kwenye kifundo cha mguu. Maji yalipita chini ya viroba, kwenye ule upenyo kati ya kiroba na ardhi, yakajichimbia njia na kuondoka na udongo wetu. Mama mwenye nyumba hakutugombeza. Alituonyesha tu ndoo ya maji ya kupikia iliyokuwa nje usiku kucha, imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Tangu siku hiyo nayafuatilia kwa karibu maneno tunayoambiana kuhusu vizuizi vya tope, viwe viroba au uzio wa kitambaa, tunavyoviweka ili udongo wa saiti usiondoke na mvua. Mengi si kweli, na gharama yake humwangukia mtu wa bondeni.

“Kizuizi kinachuja maji, udongo unabaki.”

Hii ndiyo dhana mama. Watu wakiona kitambaa cheusi kimefungwa kwenye vigingi hufikiria chujio la chai. Ukweli ni kwamba matundu ya kitambaa huziba mapema, na chembe za mfinyanzi, ambazo ni ndogo kuliko milimita 0.002, hupenya hata kwenye kitambaa kipya. Kazi ya kizuizi ni kuyasimamisha maji. Maji yanayokimbia yana nguvu ya kubeba; yakituama, hutua mzigo.

Jaribu mwenyewe. Chukua chupa ya maji ya kunywa, tia udongo wa kiwanjani kiasi cha robo, jaza maji, tikisa sana, kisha isimamishe juu ya tofali. Mchanga utakaa chini kabla hujahesabu sitini. Ule udongo laini kama unga, ambao vidole havisikii chembe zake lakini meno yanazisikia, utachukua saa nzima au zaidi. Mfinyanzi utakuwa bado umeyachafua maji kesho yake. Vilima vya Pugu, upande ambako mto Msimbazi unaanzia, vina kaolini, ule mfinyanzi mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Anayejenga kwenye udongo wa jamii hiyo asitarajie maji maangavu upande wa pili wa kizuizi. Atakachookoa ni mchanga na sehemu ya ule udongo laini, na hicho si kidogo, maana ndicho kinachojaza mitaro na karavati.

Ukishaelewa kwamba kizuizi ni mahali pa kutuamisha maji, mengine yote yanajipanga. Kitambaa lazima kizikwe upande wake wa chini, kwenye mfereji wa kina cha sentimita 15 hivi, udongo urudishwe na kushindiliwa. Vigingi vikae upande wa chini ili maji yakisukuma yaegemeze kitambaa kwenye kigingi. Mstari ufuate usawa wa ardhi, si mpaka wa kiwanja. Hapo ule mpira mwembamba wa maji ambao fundi anapimia levo ya msingi unafaa sana: shika ncha moja, mwenzako atembee na nyingine mpaka maji yalingane, piga kigingi. Ncha mbili za mstari zikunjwe kupanda mlima, kama mikono inayokumbatia. Zikiachwa wazi, maji hutambaa kando ya kitambaa na kutokea mwishoni kwa kasi kubwa kuliko yaliyokuja nayo.

“Kiwanja changu ni kidogo, hakina madhara.”

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kikipata mvua ya milimita 50 kimepokea lita 30,000, yaani maboza matatu ya lita 10,000. Sehemu itazama ardhini, lakini udongo ulioshindiliwa na magari ya kokoto hunywa maji kidogo sana. Mamlaka ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani inasema kwamba maeneo ya ujenzi kwa kawaida hupoteza udongo mara 10 hadi 20 zaidi ya mashamba, na mara 1,000 hadi 2,000 zaidi ya msitu. Sasa hesabu vilima vyote ambavyo maji yake hushukia mto Msimbazi, msingi kwa msingi. Pale Jangwani, ambapo Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi kwa sababu ya mafuriko, mto huo unatembea juu ya udongo ulioshuka kutoka juu, na kila mchanga unavyokaa kitandani mwake ndivyo nafasi ya maji inavyopungua.

“Kiweke mtaroni, ndiko maji yanakopita.”

Hapana. Uzio wa kitambaa haukutengenezwa kwa mkondo. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba kila mita 30 za uzio zipokee maji ya eneo lisilozidi robo ekari, nayo yawe yanashuka kwa kutandaa. Ukiuziba mtaro wa mtaa, maji yatapanda na kuingia kwa watu. Kwenye mdomo wa mtaro hutumika mifuko ya kokoto, tena iachwe nafasi ya maji kumwagika mvua ikizidi.

“Vizuizi vya kutumia tena ni anasa ya makampuni makubwa.”

Hapa nina la kusema zaidi, kwa sababu naona fedha zinavyopotea. Kiroba cheupe cha unga au mbolea kikikaa juani miezi michache huanza kukatikakatika. Ukikishika kinabaki mkononi. Mchanga uliokuwa ndani unaingia mtaroni, na vipande vya plastiki vinaufuata. Kwa hiyo ile “bei rahisi” ni ya mvua za msimu mmoja.

Vya kutumia tena viko vya aina nyingi: mirija minene ya mpira inayojazwa maji, pembetatu za sponji zilizovikwa kitambaa chenye ulimi wa kulaza chini, fremu za chuma zenye kitambaa kigumu, na mifuko mirefu ya wavu mzito iliyojaa kokoto. Vile vizito vina faida moja kubwa: vinakaa juu ya zege au lami, mahali ambapo huwezi kuchimba mfereji. Napendelea mifuko ya kokoto. Maji yanapenya polepole, na hata mfuko ukipasuka, kokoto haigeuki tope. Ukinunua, usiangalie bei ya dukani tu. Igawe kwa idadi ya saiti ambazo kitu hicho kitafanya kazi.

Lakini “kutumia tena” haina maana ya kukisahau. Tope likifika theluthi ya kimo cha kizuizi, lichotwe; likifika nusu umechelewa, maana nafasi ya maji kutuama imebaki ndogo. Lichotwe lipelekwe ndani ya kiwanja mahali tambarare, lisimwagwe ng’ambo ya kizuizi (nimeliona hilo likifanywa kwa macho yangu, mchana kweupe). Kabla ya kuhamisha, acha kitambaa kikauke, kipigwe brashi, mishono ikaguliwe, kisha kihifadhiwe kivulini. Kilicholowa dizeli au oili chafu hakirudi kazini.

“Kikiwepo kizuizi, mtaro uko salama.”

Maji ya kuoshea mashine ya zege na matoroli yana ukali wa alkali, kama wa chokaa: pH (kipimo cha asidi na alkali) yake ni karibu na 12. Ukali huo umeyeyuka ndani ya maji, hakuna kitambaa kinachouzuia. Maji hayo yanahitaji shimo lake lililotandikwa turubai, mbali na njia ya mvua. Na kwa udongo wenyewe, kizuizi ni mlango wa mwisho. Wa kwanza ni kutokwangua majani ya kiwanja kizima siku ya kwanza kama unajenga nusu yake, na kufunika lundo la kifusi kabla wingu halijakomaa.

“Nyumba ikiezekwa, ng’oa.”

Paa linaongeza maji, halipunguzi. Yote yanadondoka kwenye mstari mmoja juu ya udongo uliobaki uchi. Kizuizi kinaondoka udongo ukishapata nguo. Kule Goba tulibadilisha viroba, tukalaza mifuko ya kokoto kwa kufuata levo, tukaiacha ikapita masika yote. Ukoka ulipofunika mteremko tuliikung’uta, tukaipakia kwenye kirikuu na kuipeleka saiti nyingine.