Arnautoglu: jina lililo nyuma ya Ukumbi wa Anatoglo

Ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, umebeba jina la mfadhili wake, Mgiriki George Arnautoglu. Jina lenyewe, Αρναούτογλου kwa maandishi ya Kigiriki, lina vipande viwili, na vyote ni vya Kituruki: Arnavut ni Mwalbania, oğlu ni mwana wa. Tukidondosha r kama tulivyozoea, Mwalbania anatoweka na jina linafanana na Anatolia (Asia Ndogo, iliyo Uturuki ya leo), ambayo haimo kabisa.

Je, ukoo huo una asili ya Albania? Si lazima. Enzi za Milki ya Osmani, askari wa kukodiwa kutoka pande zile waliitwa Arnavut, na majina mengi ya ukoo yalianza kama ya utani. Jina linathibitisha tu kwamba kuna babu aliyeitwa Arnavut. Mzizi huo umesambaa: mwanasoka Marko Arnautović anao, na mwanachuoni wa hadithi wa Dameski, Sheikh Shu'ayb al-Arna'ut, ambaye kweli alikuwa wa asili ya Kialbania.

Ukitaka kujua ukoo wa Kigiriki umetoka wapi, tazama kiishio. Kwa kawaida -akis ni Krete, -atos ni Kefalonia, -opoulos ni Peloponnese. Hii -oglou ni ya Wagiriki wa Asia Ndogo. Baadhi yao, hasa wa Kapadokia, walikuwa Waorthodoksi waliozungumza Kituruki majumbani. Mkataba wa 1923 wa kubadilishana watu baina ya Ugiriki na Uturuki ulitazama dini, si lugha, ukawahusu Wakristo wapatao milioni 1.2, wengi wakiwa wameshakimbia. Ugirikini kiishio hicho kilinuka Uturuki, na baadhi ya familia zikakigeuza kuwa -idis au -opoulos. Kwa hiyo ndugu wa damu wanaweza kuwa na majina yasiyofanana.

Tanganyika Wagiriki walijulikana kwa mkonge, kahawa na tumbaku. Wengi waliondoka baada ya utaifishaji wa 1967.

Anayepekua nyaraka ajue kwamba ου ya Kigiriki hutamkwa u, lakini huandikwa ou au u. Atafute Arnaoutoglou, Arnautoglu na Arnaoutoglu, kisha Anatoglo na Anatoglou kwenye magazeti ya Kiswahili. Binti wa Papadopoulos huandikwa Papadopoulou, ila -oglou haibadiliki kwa mwanamke.