Jicho jeupe la ng'ombe: weka ugoro chini kwanza

Kiangazi cha Dodoma ni vumbi na nzi, na vyote viwili mwisho wake ni machoni pa ng'ombe.

Dhana: Jicho likiwa jeupe, lipulizie ugoro au chumvi.
Nililiona hili karibu na Kongwa. Ndama machozi yamemchora mfereji mweusi shavuni, jicho kalifumba akilikwepa jua, nzi wamejaa kwenye kope kama ndoo zilizopangwa bombani. Mwenyewe akapuliza ugoro. Baadaye doa likafifia, ugoro ukapata sifa zote. Ukweli ni kwamba macho mengi ya namna hii hupona yenyewe, na ugoro huzidi kuchubua kidonda. Chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Moraxella bovis; nzi humbeba kutoka jicho hadi jicho, vumbi na jua kali humfungulia njia. Sindano ya oksitetrasaiklini humuweza, ikiwahi na bwana mifugo akikupimia dozi. Ndama mtenge, mweke kivulini.

Dhana: Weupe huo ni mtoto wa jicho.
Mtoto wa jicho hukaa ndani, kwenye lenzi. Weupe huu uko juu, kwenye kioo cha mbele. Ila ukiona pia homa na tezi zimevimba chini ya masikio, achana na habari za nzi: huenda ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, nao hutoa machozi na kufifisha jicho.

Dhana: Ng'ombe wa asili hawaugui, ni ugonjwa wa ng'ombe wa kizungu.
Hapa kuna nusu ya ukweli. Hereford, wale wa nyama wenye uso mweupe, kope zao hazina rangi ya kuzuia jua, na wanajulikana kwa kuugua sana. Zebu, yaani ng'ombe wa nundu, mwenye kope nyeusi, awe Boran au huyu wetu mdogo wa Ugogo, huumwa kidogo zaidi. Kidogo, sijasema kamwe! Ndama wake bado hupofuka.

Dhana: Tukiogesha, nzi wamekwisha.
Inategemea dawa. Amitrazi ni ya kupe. Nzi wanataka dawa za jamii ya pairethroidi. Na zoa samadi mbichi zizini, maana nzi wengi wa ng'ombe hutaga humo.

Dhana: Trakoma tunaambukizwa na ng'ombe.
Kongwa trakoma, ugonjwa wa macho ya watu unaoweza kupofusha, inajulikana vizuri, ndiyo maana neno hili halifi. Lakini hiyo ni Chlamydia trachomatis, hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Nzi anayesaidia kuieneza, Musca sorbens, hupenda kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Ng'ombe msimsingizie; kaangalieni choo.