Moyo ukisimama, fahamu huzimika kwa mpangilio gani?

Ndugu wa mgonjwa mahututi huwa na maswali matatu: bado anatusikia? Anaumia? Na akishakufa, ile nafsi tuliyoijua inakwenda wapi? Mawili ya kwanza yana majibu ya vipimo. La tatu halina, lakini vipimo vinasaidia kujua ni hoja zipi zinazoweza kusimama na zipi zinaanguka.

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, ila unakula kama asilimia 20 ya oksijeni yote na hauna akiba ya maana. Mwaka 1943 huko Marekani, Ralph Rossen na wenzake walichapisha jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu: vijana wa kiume walifungwa shingoni mkanda uliojazwa hewa kwa ghafla, damu isipande kichwani. Kwa wastani fahamu ilipotea baada ya sekunde 6 hadi 7. Kabla ya hapo macho yalikaza, na uwezo wa kuona ukafinyika kutoka pembeni kuelekea katikati. Ukisikia mtu aliyezinduka akisimulia handaki lenye mwanga mbele, kumbuka hilo. Handaki peke yake si ushahidi wa safari.

Moyo unaposimama, mambo ni yaleyale. Kwenye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, mawimbi ya kasi yanaanza kulegea ndani ya sekunde 10 hivi, na kufikia sekunde 20 hadi 30 mstari umelala. Watu wengi hudhani hapo ubongo umekufa. Haujafa. Seli zimenyamaza tu, na pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli bado zinafanya kazi kwa nishati iliyobaki. Dakika chache baadaye nishati inakwisha, pampu zinasimama, chumvi na maji vinaingia ndani, na wimbi la kuporomoka kwa umeme linasambaa polepole kwenye gamba la ubongo. Jens Dreier na timu yake wa Berlin waliliripoti wimbi hilo mwaka 2018 kwa wagonjwa 9 waliokuwa na elektrodi, yaani vipokea umeme, ndani ya fuvu. Hata hapo, damu ikirudi mapema, seli zinaweza kujirekebisha. Ikichelewa, kalisi (kalsiamu) inayorundikana ndani yake inaziua, na hipokampasi, kiungo cha kumbukumbu, ni miongoni mwa sehemu zinazoumia kwanza.

Kuwa hai kwa seli, hata hivyo, si kuwa na fahamu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichukua ubongo wa nguruwe 32, saa 4 baada ya kuchinjwa, wakaupitishia kimiminika maalumu kwa saa 6. Baadhi ya kazi za seli zilirudi. Umeme wenye mpangilio wa ubongo mzima haukurudi, na kimiminika chenyewe kilikuwa na dawa za kuzuia neva zisiamshane.

Halafu kuna habari iliyovuma sana mitandaoni: ubongo "unawaka" wakati wa kufa. Jimo Borjigin wa Chuo Kikuu cha Michigan aliona mlipuko wa mawimbi ya gama, yale mawimbi ya kasi sana ya ubongo, kwa panya mwaka 2013, na mwaka 2023 kwa wagonjwa 2 kati ya 4 walioondolewa mashine ya kupumulia. Ni kazi nzuri, lakini isomwe kwa uangalifu. Wote wanne walifariki, kwa hiyo hakuna aliyesimulia alichohisi. Wale wawili walikuwa na historia ya degedege. Na mawimbi yalipanda oksijeni ilipokuwa inashuka, moyo ukiwa bado unapiga. Huo ni ubongo unaokufa, si fahamu baada ya kifo.

Jaribio lililokaribia zaidi swali letu ni la daktari Sam Parnia, lililochapishwa mwaka 2023: wagonjwa 567 waliosimama moyo hospitalini, Marekani na Uingereza. Wakati wa kufufuliwa waliwekewa kompyuta kibao yenye picha za siri na spika za masikioni zilizotaja majina ya matunda. Walionusurika ni 53, waliohojiwa 28, na 11 kati yao walikuwa na kumbukumbu au hisia fulani. Hakuna aliyezitaja picha. Mmoja aliyataja matunda. Lakini kifua kikikandamizwa vizuri, damu hupita, ingawa chini sana ya kawaida. Wapo wagonjwa wanaofumbua macho na kushika mkono wa anayewakandamiza, kisha wanalegea akiacha. Kusikia katika hali hiyo hakushangazi.

Mimi naona ushuhuda wa waliozinduka ni wa kweli kwa maana kwamba waliupitia, na si haki kuwacheka. Ila wote walirudi. Ubongo wao haukufika mwisho. Wanatueleza kizingiti. Kuhusu roho au barzakhi, EEG haithibitishi wala haikanushi, na daktari anayedai vinginevyo amevuka taaluma yake.

Tukirudi kitandani. Utafiti wa Vancouver uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa ubongo wa baadhi ya wagonjwa wasioitika, saa chache kabla ya kufa, bado uliitikia mabadiliko ya sauti. Haikuthibitika kwamba wanaelewa maana, lakini inatosha: anayetaka kutamka shahada, kusali au kuomba msamaha afanye hivyo karibu na sikio, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida. Habari za mirathi na gharama zizungumzwe nje ya chumba.

Mashine ikishaondolewa na moyo ukasimama, timu nyingi husubiri dakika 5 kabla ya kutangaza kifo. Utafiti wa mwaka 2021 uliona moyo ukirudia kupiga wenyewe kwa muda mfupi kwa asilimia 14 ya wagonjwa wa namna hiyo, na pengo refu kabisa lilikuwa dakika 4 na sekunde 20. Mkiona mstari ukiruka tena kwenye skrini, fahamu haijarudi, na hakuna aliyekosea.